Mabega Yangu na Sindano za Shemeji

Alhamisi, 1 Agosti

Leo mume wangu, Baba Endah, amekata majani ya kwanza ya tumbaku, yale ya chini yasiyo na harufu ya maana. Kwa hiyo na mimi nimefungua daftari. Ndivyo nifanyavyo kila msimu: naanza siku ya majani ya kwanza, naacha kapu la mwisho likishapakiwa kwenye lori. Nilifundisha darasa la tatu miaka mingi mno, na aliyezoea kuandika andalio la somo kila jioni akistaafu mkono wake haustaafu naye.

Mabega bado yanauma, na sasa nyonga zimejiunga. Asubuhi nilishindwa kuinua mikono nivae nguo yangu ya kusalia. Baba Endah akanivalisha yeye, akanivalisha nyuma mbele, na nikasali hivyo hivyo.

Ijumaa, 2 Agosti

Jua kali, upepo mzuri. Tumbaku ilikauka mapema. Sikuweza kubeba hata kichanja kimoja cha kuanikia majani.

Jumapili, 4 Agosti

Jioni amekuja shemeji yangu Muji na mkoba wake. Ni mdogo wake Baba Endah, wa kufuatana, na ndiye mantri wetu. Kwa kusomea ni muuguzi, lakini huku mteremkoni mwa mlima Sumbing mtu akisema anakwenda kwa daktari ujue anakwenda barazani kwa Muji. Endah wangu alizaliwa usiku wa mvua mikononi mwa Muji, mkunga akiwa amekwama bondeni. Hajawahi kupokea senti kutoka nyumba hii, chai tu, tena yenye sukari ya kumfanya mtu mwingine ashtuke.

"Mbakyu, lete kidole," aliniambia. Mbakyu ni dada mkubwa; ndivyo anavyoniita tangu nilipoolewa na kaka yake.

Akatoboa kidole, akatia tone kwenye kile kimashine chake cha kupimia asidi ya damu, akasubiri huku anapiga mluzi.

"Sita na nusu! Si nilisema? Jongo hili."

"Jongo mabegani, Muji?"

"Jongo halichagui. Linapanda linapotaka."

"Na nyongani?"

"Na nyongani. Umekula nini wiki hii?"

"Mchicha."

"Unaona!" Akamgeukia kaka yake kama wakili aliyeshinda kesi. "Mchicha!"

Akanipiga marufuku mchicha, karanga, maini, vibanzi vya mbegu za melinjo, na tempe, ile soya yetu ya kuchachusha. Nikamuuliza Mjava akinyimwa tempe anabaki na nini. "Wali," alijibu Baba Endah, na hilo ndilo neno pekee alilosema jioni nzima. Kisha Muji akanichoma sindano.

Jumatatu, 5 Agosti

Niandike nini? Nimeamka mzima! Nimevaa mwenyewe, nimesujudu na kuinuka bila kushika ukuta, nimebeba vichanja pamoja na vijana. Muji ana mkono wa baraka, asiyekubali shauri yake.

Ijumaa, 9 Agosti

Maumivu yamerudi. Sindano ya pili.

Jumapili, 11 Agosti

Sikukuu ya kuchinja. Nilisali uwanjani nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nyuma kabisa, pamoja na vikongwe wawili wanaomzidi mama yangu umri. Magoti yanakunjika, ila nikishuka siinuki. Tumirah, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aligeuka katikati ya hotuba kunitazama.

"Mwalimu, umeanza kuketi mapema hivyo? Mimi nilidhani kiti hicho ni cha mgeni rasmi."

Mchana kijiji kizima kilikuwa moshi wa mishikaki ya mbuzi. Mimi nilikula wali na kabichi. Muji alipita, akaangalia sahani yangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Jumatano, 14 Agosti

Sindano ya tatu. Imefanya kazi kama zilizotangulia, mpaka naogopa ilivyo tamu.

Jumamosi, 17 Agosti

Siku ya uhuru. Watoto walishindana kula vibanzi vilivyotundikwa kwenye kamba. Nilikaa. Kiu isiyokatika, sijui kwa nini.

Jumanne, 20 Agosti

Leo nimeangusha tumbaku.

Mawingu yalishuka mlimani ghafla, na mawingu yakishuka hakuna anayeuliza nani mgonjwa. Kila mwenye mikono anakimbilia vichanja aviingize ndani. Nilikishika kimoja, nikakiinua mpaka usawa wa kiuno, mabega yakagoma. Hayakuuma kwanza, yaligoma tu. Kichanja kikanitoka. Majani ya katikati ya mche, yale mazuri, yaliyokatwa kabla ya alfajiri na watu waliokesha kwa ajili yake, yakamwagika topeni. Nikabaki nimeyasimamia, mikono imening'inia, mvua inaninyeshea, na siwezi hata kuinama kuyaokota.

Baba Endah alikuja akayakusanya kimya kimya. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata la kujibu. Niliingia jikoni nikalia, na hata machozi sikuweza kuyafuta, ikabidi niinamishe uso kwenye kanga iliyotundikwa mlangoni.

Jioni nikampigia binti yangu, Endah, aliyeko Magelang. Nilitaka kumsalimia tu, lakini sauti ikanisaliti.

"Mama, nenda kwa daktari mwingine."

"Daktari yupo. Baba yako mdogo ananitibu."

"Mwezi mzima sasa! Kama ni jongo mbona halisikii?"

"Endah, kesho ukisikia shemeji wa mantri mwenyewe amekwenda kutibiwa kwingine, wewe ungesema nini?"

"Ningesema anaumwa."

Huyo amekaa mjini mno. Hapa hawatasema hivyo. Watasema Muji hajui kazi, na kama mke wa kaka yake hamwamini, nani amwamini? Baraza lake litakuwa tupu. Naye hatagomba, hilo ndilo baya zaidi. Atatabasamu, atakunywa chai, na hatakuja tena. Kwa hiyo niko hapa: nikibaki, mikono yangu naipoteza, nikienda, nampoteza Muji. Nimeiandika wazi ili niione, na nikiiona bado sijui.

Alhamisi, 22 Agosti

Muji alikuja na sindano. Nilimwambia leo nina nafuu. Uongo. Alifurahi hata akanywa vikombe viwili.

Jumapili, 25 Agosti

Endah alikuja mwenyewe bila taarifa, akamkuta baba yake ananivuta kutoka kitandani kwa mikono miwili kama anayeng'oa muhogo. Alisimama mlangoni, akaingia chumbani kunipangia nguo kwenye begi.

"Sijasema nakwenda," nilimwambia.

"Sijauliza."

Nikamtazama Baba Endah. Muji ni mdogo wake, damu moja, nilitaka yeye ndiye akatae. Akavuta sigara yake mpaka nusu.

"Nenda," akasema. "Mimi nitasema umekwenda kumsaidia Endah kuhama nyumba."

Mume wangu hajawahi kumdanganya mdogo wake, hata utotoni, nijuavyo. Ilinichoma kuliko mabega.

Lakini nyumba huwezi kuiacha jirani asijue. Kuna kuku, kuna chakula cha wakataji. Nikamwita Tumirah, nikamwambia ukweli, nikamwapisha.

"Mwalimu, mimi tena? Limeingia tumboni, halitoki."

Jumatano, 28 Agosti

Naandikia kitandani hospitalini. Nilidhani jioni hii ningekuwa njiani kurudi.

Daktari anaitwa Saragih. Ni Mbatak, si Mjava kama sisi, na huongea kama anayegombana na mtu aliye ng'ambo ya mto. Mwanzoni nilikasirika, kisha nikaona hata muuguzi anayemletea chai anamfokea hivyo hivyo na muuguzi anacheka.

"Inuka kwenye kiti bila kushika!" Sikuweza. "Inua mikono!" Ikafika mabegani, ikasimama. "Asubuhi mwili unachukua muda gani kulegea?"

"Mpaka jua liwe kali, Daktari."

"Vidole vya miguu vimewahi kuvimba? Kidole gumba, chekundu, hutaki hata shuka likiguse?"

"Hapana."

"Kichwa kinauma pembeni? Macho?"

"Hapana."

"Unatumia dawa gani?"

"Hakuna."

Endah akanigeukia. "Mama."

"Nini?"

"Sindano, Mama!"

Namshuhudisha Mungu sikuwa nadanganya. Dawa ni ile unayoandikiwa, unayopanga foleni. Sindano za Muji nilizihesabu pamoja na kuku anaotuletea sikukuu na chai yake ya jioni, mambo ya nyumbani. Haikunijia akilini kabisa kwamba daktari anauliza habari za shemeji yangu.

Daktari Saragih akaweka kalamu chini. "Sindano gani?"

"Ya kutuliza. Anachoma shemeji."

"Ukichomwa unakuwaje?"

"Kama msichana."

"Kisha?"

"Siku chache tu, nazeeka tena."

Sikumwona akicheka, ila alinyamaza, na mtu wa kelele akinyamaza unaanza kuogopa. Wakanitoa damu. Jioni majibu yakarudi: sukari imepanda juu, kumbe ndiyo ile kiu. Na damu yangu ikiachwa itulie kwenye kimirija, inatuama upesi mno, jambo linaloonyesha kuna uvimbe mwilini usioonekana kwa nje. Silali kwa Endah, nalala hapa.

Alhamisi, 29 Agosti

Amenieleza leo, na kwa mara ya kwanza alivuta kiti akakaa. Siyo jongo. Ule wingi wa asidi, sita na nusu ya kile kimashine, alisema, watu tele wanao na hawaumwi popote. Huu ni ugonjwa wa watu wa umri wangu, hasa wanawake: kinga ya mwili inachanganyikiwa, inashambulia penye mabega na nyonga za mwenye mwili. Una jina refu ambalo sijalishika. Dawa yake ni kidonge kidogo kila asubuhi, kipunguzwe polepole, mwaka mzima au zaidi, na nisikiache ghafla hata nikijiona mzima.

"Na sindano za shemeji?" niliuliza.

"Ni dawa za ukoo mmoja na hicho kidonge. Ndiyo maana ulikuwa msichana. Lakini kakuchoma nyingi kwa mkupuo, kisha hakuna, kisha nyingi tena. Sukari imepandishwa na hizo. Na kila ukipata nafuu, ugonjwa unajificha asiuone mtu."

Kwa hiyo Muji alikuwa karibu na alikuwa mbali. Sijui nifurahi au nimkasirikie. Kidonge cha kwanza nimekimeza asubuhi hii.

Ijumaa, 30 Agosti

Leo lazima niandike yote.

Niliamka nikajikuna mgongo. Nilikuwa nimeshajikuna ndipo nikatambua nimefanya nini. Nikainua mkono mmoja, nikainua wa pili, nikakaa hivyo kitandani, mikono juu, mpaka mgonjwa wa pili akauliza kama nakamatwa na polisi. Nilimwambia Endah: leo turudi nyumbani kabla hajajua mtu yeyote.

Saa chache baada ya swala ya Ijumaa nikasikia breki za lori. Halafu kelele za ngazi. Halafu harufu. Harufu ya tumbaku mbichi hupenya hata ukuta, na wagonjwa wote wa chumba kile wakaanza kupiga chafya.

Walikuja ishirini au thelathini, sijui, kwa lori la kubebea tumbaku, katikati ya msimu, siku ya jua ambayo hakuna mtu mwenye akili anayeacha vichanja vyake. Mikono yao bado ilikuwa myeusi kwa utomvu. Wamevaa nguo za harusini na mikono ya shambani. Tumirah alikuwa mbele, analia kwa sauti.

"Mwalimu! Mungu shahidi, nilimwambia mtu mmoja tu!"

"Nani?"

"Muadhini."

Kumbe ilitangazwa kwenye kipaza sauti cha msikiti: Mwalimu Warsiti amelazwa Magelang, lori linaondoka baada ya swala, asiyepata nafasi asigombane. Mimi niliyetoka kijijini kama mwizi, kijiji kizima kimenifuata. Nilitaka kucheka, na ningecheka, kama nisingemwona Muji nyuma yao.

Alikuwa amepiga pasi shati lake. Alikuja mikono mitupu, bila mkoba. Akasimama mwisho wa kitanda, akanitazama, akatabasamu lile tabasamu ninalolijua, na macho hayakushiriki.

"Mbakyu. Naona kuhama kwa Endah kumekuwa kugumu."

"Muji..."

"Pumzika."

Watu wakajifanya hawakusikia. Kwetu watu wana kipaji cha kutosikia. Mama mmoja akafungua mkoba wake haraka, akatoa karanga za kuchemsha, akaziweka mapajani mwangu. Wote wakazitazama zile karanga, kisha wakamtazama Muji. Akafungua mdomo kama kawaida yake, akaufunga.

Wakati huo huo akaingia Daktari Saragih, anazunguka wagonjwa wake, sauti imetangulia.

"Karanga? Mwacheni ale! Hana jongo. Hajawahi kuwa na jongo! Nani alimwambia ana jongo?"

Sijawahi kupenda watu wa kijiji changu kama nilivyowapenda dakika ile. Hakuna aliyemwangalia Muji. Mmoja alikuwa anasoma maandishi ya chupa ya maji. Wengine walielekea dirishani, wakaupenda ghafla uwanja wa kuegeshea pikipiki. Tumirah, Tumirah yule yule, alifumba mdomo hata midomo ikawa myeupe. Wangeweza kukaa vile mpaka usiku uingie, na daktari asingepata jibu.

"Mimi, Daktari," akasema Muji.

"Wewe ndiye shemeji? Na sindano?"

"Na sindano pia."

Alisema kwa heshima, mikono ameikusanya mbele, kama mtoto wa darasa langu aliyevunja kioo. Nilitamani mabega yaniume tena, yote yaliyopita, ili nisiione sura ile. Daktari naye akatambua, nadhani, kwa kuwa aliishusha sauti mpaka nikashangaa kumbe anaweza. Akamshika mkono, wakatoka nje ukumbini. Kupitia mlangoni niliona daktari anaeleza kwa vidole na Muji anaitikia kwa kichwa, mara kwa mara.

Aliporudi aliwaambia watu lori linaondoka, vichanja viko nje. Aliwasaidia wazee kushuka ngazi. Hakuniaga.

Jumapili, 1 Septemba

Nyumbani. Nimesali alasiri chini, kwenye mkeka, bila kiti. Niliposujudu nilikaa huko muda mrefu kuliko kawaida. Baba Endah akaingia akidhani nimekwama.

Alhamisi, 5 Septemba

Jua. Vichanja vyote nimevibeba. Muji hajaja.

Jumanne, 10 Septemba

Muji hajaja. Chai ya jioni bado naitengeneza ya watu watatu, mkono umezoea.

Alhamisi, 12 Septemba

Daktari ameagiza sukari ipimwe kila wiki. Kimashine kile kile cha jongo hupima na sukari, nacho kiko nyumba ya nne kutoka hapa, mkobani kwa Muji, na sisi tumekwenda kupima kituo cha afya huko chini bondeni. Njia ni moja, inapita mbele ya baraza lake. Alikuwa nje, anafagia. Baba Endah, mtu anayeendesha pikipiki kama amebeba mayai, akakaza mwendo. Nikauficha uso mgongoni kwake.

Jumapili, 15 Septemba

Nimekuwa na hasira leo siku nzima. Kwani nimemkosea nini? Mwili ni wangu, mabega ni yangu, sukari aliipandisha yeye! Na angeuliza mapema, angesema tu "Mbakyu, hapa pamenishinda," nisingeondoka kama mwizi. Nilimwambia Baba Endah yote hayo jikoni, nikigonga sufuria. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Asingeweza kusema," akajibu.

"Kwa nini?"

"Ulitaka amwambie nani? Wote tunasubiri ajue."

Kisha akaenda kuchambua majani. Nilibaki na sufuria yangu. Kweli, katika miaka yote hii, nani kijijini aliwahi kumpa Muji nafasi ya kutojua? Usiku wa manane, homa, nyoka, uzazi, wazimu, tunabisha mlangoni kwake na tunataka jibu kabla hajavaa viatu. Mimi mwenyewe nililileta bega langu mezani nikasubiri jina. Alinipa jina alilokuwa nalo. Hasira haijaisha, lakini imepungua.

Alhamisi, 19 Septemba

Tumekwenda kupima. Tumepita tena. Mlango wake ulikuwa wazi na benchi lilikuwa na watu wawili tu.

Jumanne, 24 Septemba

Tumirah ananiletea habari kila siku, tangu kosa lake anadhani ni deni. Leo: fulani kampeleka mkewe mjini moja kwa moja, fulani anasema sindano za Muji zinaleta sukari, watoto wa fulani wanamwita Mantri Karanga.

"Na wewe ukasema nini?"

"Niliwachapa hao watoto, Mwalimu! Kwa ufagio!"

Nilimpa vibanzi vya melinjo akaenda. Moyo wangu mzito. Nilichokiogopa Agosti kimetokea chote, tena mikono yangu ikiwa mizima.

Jumapili, 29 Septemba

Majani ya juu, ya mwisho, yenye harufu ile inayokaa kooni. Baba Endah anayanusa na kufumba macho. Anga safi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Asubuhi tulitoka kwenda kituo cha afya kama kawaida. Tulipokaribia nyumba ya Muji nikamgonga Baba Endah begani.

"Simama hapa."

"Wapi?"

"Hapa. Nishushe."

Alisimamisha. Nilimwona ananyoosha mdomo kutaka kusema, akabadili nia, akazima pikipiki.

Ilikuwa saa ya wagonjwa, na leo benchi lilikuwa na watu, watano au sita, kwa kuwa kikohozi kimeingia kijijini. Niliketi mwisho wa foleni kama mtu yeyote. Wakaniamkia, wakasogea. Kila mmoja alikuwa anasubiri kuona mantri atafanya nini na mke wa kaka yake. Muji alitoka mlangoni, akaniona, akaita wa kwanza. Zamu yangu ilipofika, wengine wakiwa wameshaongezeka nyuma yangu, sikungoja aulize.

"Naomba kupimwa sukari," nilisema, kwa sauti yangu ya darasani, wasikie wote.

Akavuta mkoba wake. "Huko chini hawapimi?"

"Wanapima. Hawana mluzi."

Hakutabasamu. Akatoa kimashine, akatoboa kidole, akasubiri. Hakupiga mluzi.

"Nzuri," akasema. "Vidonge umemeza na chakula?"

"Nimemeza na tempe."

Hapo akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu hospitalini. Nilijua ndiyo nafasi ya kuomba radhi na katika maneno yote niliyokuwa nimeyapanga tangu nyumbani halikuja hata moja. "Nilikosea kuficha," nikasema tu. "Sikukosea kwenda." Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama alivyomwitikia yule daktari.

Mwenzangu aliyefuata alikuwa mzee wetu Pak Sarjono, mkataji wa tumbaku, na nilikuwa bado nafunga kanga yangu alipoketi na kunyoosha mikono. Vifundo vya vidole vyake vimevimba, mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa.

"Nichome, Mantri. Ile ya Julai ilinisaidia, ila imekwisha nguvu. Msimu haujaisha na mimi ndiye mwenye kisu."

Muji alishika mkono ule mgumu wenye utomvu, akaubonyeza kifundo kimoja kimoja, akaugeuza, akachukua wa pili akafanya vivyo hivyo. Mkoba ulikuwa miguuni pake, wazi. Benchi lote lilikuwa linamwangalia, na mlangoni Baba Endah naye. Nilimwona akiinamia mkoba, nikasema moyoni, basi, anachoma. Akaufunga.

"Hili silijui, Pak Sarjono," akasema.

Alisema kwa nguvu, kama aliyekuwa amelibeba muda mrefu na amechoka. Mtu mmoja akakohoa. Pak Sarjono akabaki mikono mbele, anasubiri liendelee, kwa sababu katika umri wake wote hajawahi kusikia mantri akiishia hapo.

"Hulijui vipi?"

"Silijui. Si jongo, au huenda ni jongo, siwezi kujua kwa kukushika. Nikikuchoma utapona siku tatu na nitakuwa nimeuficha ugonjwa." Kisha akanigeukia. "Mbakyu, siku yako ya kurudi kwa Saragih ni lini?"

"Jumatatu."

"Tutakwenda watatu, wewe, mimi na Pak Sarjono. Mimi nina maswali ya kumuuliza, na yule mtu anaongea haraka, wewe utaniandikia."

Nikasema sawa. Nilitaka kusema zaidi, lakini mbele ya watu wale mwalimu hawezi kulia. Muji akavuta benchi, akamwita mwenye kikohozi.